Mkato wa Mshororo wa Sita

Kurasa kumi, tanbihi ishirini na tatu,
jina langu juu kulia: Nvard Galstyan, mwaka wa tatu, Fasihi.
Kesho saa tatu asubuhi nilitakiwa niwe nimethibitisha jambo.

Shairi lenyewe lilikuwa fupi kuliko orodha yangu ya marejeo.
Mishororo minane. Aliliandika karani wa posta,
hapa hapa Gyumri, kipupwe kisichotajwa mwaka:
mwanamke anapanda ngazi na ndoo ya maji,
anafika ghorofa ya nne, anakuta mlango wake wazi.
Kisha ule mshororo wa sita:

Hakulia, kwa uchungu.

Nikauvamia ule mkato kama mwenye njaa.
Tazameni, niliandika. Profesa hapendi "tazameni".
Nikafuta, nikaweka "ni dhahiri kwamba",
ingawa hapakuwa na kilicho dhahiri:
uchungu umelikausha chozi kabla halijazaliwa.
Mkato ni kisu. Mkato ni kizingiti.
Kufikia ukurasa wa saba
mkato ulikuwa umeshakuwa kaburi la taifa zima.

Kuna msomi wa miaka ya sabini
aliyedai shairi hili ni la furaha.
Nilimpa kurasa mbili na nusu za kipigo.
Alishakufa. Hakunijibu.

Hasmik, ninayepanga naye chumba,
huamka saa tisa usiku kwenda kubandika lavashi
kwenye kuta za tanuri la watu.
Alilisoma shairi amesimama, kiatu kimoja mguuni,
akaniuliza, "Ndoo ilimwagika?"
Nikamwambia hilo si swali la kitaaluma.
"Haya. Lakini ilimwagika?"
Akaenda zake. Mimi nikabaki na ndoo.

Maktabani nilifuata namba ya ukurasa tu,
namba moja, ya tanbihi ya kumi na tisa.
Mkutubi alikuwa ameshavaa koti.
Akavua glavu, akaniletea toleo la kwanza
ndani ya bahasha ya kaki,
karatasi nyembamba kama ganda la kitunguu,
na mshororo wa sita ukanitazama, mtupu:

Hakulia kwa uchungu.

Niliuinua ukurasa kwenye taa. Niliupapasa kwa ukucha.
Hapakuwa na kitu, wala kovu la kitu.
Kile kilichokuwa kwenye fotokopi yangu
ni vumbi la mashine, au mguu wa inzi
aliyefia juu ya kioo.

Kwa hiyo alilia.
Alisimama pale juu na ndoo yake, akalia,
na hakikuwa kilio cha uchungu.
Ni nani aliyekuwa ameufungua ule mlango?
Viatu vya nani vilikuwa vikichuruzika theluji ndani?
Miezi miwili nimemzuia mwanamke wa watu asilie
kwa ajili ya inzi.

Alfajiri Hasmik alirudi na unga kwenye nyusi,
mkate wa moto ndani ya gazeti.
Kati ya mkate na mkato ni irabu moja,
na mimi nilikuwa nimekula ile isiyoshibisha.
Nikamsimulia. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.
"Si nilikuuliza habari za ndoo?"

Sikuwa na muda wa kubomoa kurasa kumi.
Nikaongeza ya kumi na moja, bila tanbihi, bila "ni dhahiri":
Kurasa zilizotangulia zimekosea.
Msomi wa miaka ya sabini alikuwa na kitabu mkononi,
mimi nilikuwa na fotokopi.
Alilia lakini si kwa uchungu.
Nadhani ndoo ilimwagika.

Karatasi ilirudi baada ya wiki mbili.
Kumi na tatu kwa ishirini. Hakuna maoni,
hakuna hata alama ya mshangao kwenye kaburi la taifa.
Ila ukurasa wa mwisho kabisa,
kati ya "Alilia" na "lakini",
profesa alikuwa ameniwekea, kwa wino mwekundu,
mkato.