Mbegu za Alizeti

Toleo la kwanza lilipiga kengele.
Kope zikifumba sekunde mbili, kamera inaona,
simu inalia: nga! nga! nga!
Nikajisifu, kitini, chai mkononi,
ghorofa ya nne, mjini Aktobe,
mimi ambaye sijawahi kuendesha hata baiskeli gizani.

Seitkali akaijaribu hadi Beyneu na kurudi.
Akanilazia simu mezani kifudifudi
kama mtu anayerudisha sahani ya chakula kibaya.
“Raikhan, hii yako inalia nikicheka.
Inalia jua likinikunja uso.
Na haya macho yangu membamba,
hao waliokuuzia kamera wanadhani nimelala tangu nizaliwe.
Kilomita ya mia mbili nikaizoea.
Ya mia tatu, ikanibembeleza.”

Nikafuta wiki sita za kazi.
Sikulia. Labda kidogo, chooni.

Novemba nikapanda lori lake, shehena ya mabomba.
Nyika imelala chali pande zote,
dereva asilale kwa nini?
Ngamia wawili, nguzo ya umeme, chumvi, nguzo.
Seitkali akitafuna mbegu za alizeti,
ka, tu, ka, tu,
jino, ganda, kikombe cha maganda katikati ya mapaja,
na mimi nikihesabu mipepeso ya kope kwenye daftari
kama karani wa kitu nisichokijua.

Baada ya Shalkar, saa tisa usiku,
ka ikachelewa.
Ikaja tu peke yake.
Kisha kimya.
Nikamtazama: macho wazi, mikono sawa, mstari sawa.
Kamera ingeapa kwamba yu macho.
Mbegu ilikuwa imelala juu ya ulimi.

Nikamwita. Akashtuka. Akatafuna.
Hatukusema kitu hadi kituo cha mafuta.

Kaka yangu Yerzat, waliandika kwenye ripoti,
alipitiwa na usingizi.
Alipitiwa.
Kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa amesimama,
na usingizi ndio uliokuwa na magurudumu.

Basi toleo la pili halitazami, linasikiliza.
Siku kumi lilidhani changarawe ni mbegu.
Likadhani kikohozi ni mbegu, redio ni mbegu,
likampongeza dereva mmoja kwa kutafuna barabara nzima.
Nikalifundisha meno ya watu kumi na tisa,
mmoja wao mwenye meno ya dhahabu, huyo alinitesa.
Halihitaji mtandao; kule hakuna mtandao,
kuna upepo tu.

Na kimya kikizidi sekunde nane, halilii.
Linauliza, kwa sauti ya Zauresh, mkewe Seitkali,
tuliyemrekodi jikoni sufuria zikigongana:
“Ufunguo wa ghala umeuweka wapi?”
Kengele huzimwa kwa kidole.
Hilo, anasema Seitkali, jaribu kulizima kwa kidole.

Mwenye malori alipenda sana.
Akaomba kitu kidogo: orodha ya kila mwezi,
nani amesinzia mara ngapi,
“ili tuwasaidie,” huku kalamu yake imeshafika safu ya mishahara.
Nikamwambia injini ikizimwa, kumbukumbu hujifuta.
Haikuwa hivyo bado.
Nikaenda nyumbani nikaifanya iwe hivyo, hadi alfajiri,
nikisinzia juu ya kibodi, hakuna wa kuniuliza ufunguo.

Jana usiku, saa tisa na dakika arobaini,
ujumbe wa Seitkali:
“Nimesimama. Mbegu zipo, lakini nimechoka. Nalala.
Mwambie tajiri mabomba yatafika mchana.
Ufunguo uko nyuma ya birika,
ameniuliza mara tatu.”