Kipande cha Baisa Mia Mbili

Asubuhi, jengo la mashariki, mimi ni wa lishe:
Daktari Badriya anaifungua punje ya mchele ubaoni,
mnyororo wa wanga, kaboni zimeshikana mikono
kama watoto wa chekechea wanaovushwa barabara.
Saa nane naukata uwanja wa Al Khoud mbio,
jua limenishika kisogo, viatu vinanata kwenye lami,
naingia jengo la biashara, mimi mtu mwingine.
Mwalimu Qais hataki kujua mchele una nini ndani.
Anataka kujua gunia limeingia kwa ngapi,
limetoka kwa ngapi, na nani kalipa usafiri.

Wenzangu huniuliza: wewe hasa ni wa wapi?
Wa kati, nawaambia. Wa pale uwanjani, juani.

Shangazi Rayya hana jengo.
Ana jiko la nyuma huko Seeb, sufuria tatu,
blenda iliyofungwa kwa utepe,
na mkate wa kumimina ambao watu wa Barka
huufuata kwa gari kila Alhamisi, injini hawazimi.
Mchele uliolala majini, nazi ya kopo, hiliki,
hamira kidogo, na sukari. Sukari huipima kwa jicho.
Jicho la Shangazi ni karimu.

Muhula huu tuliambiwa: leteni biashara ya kweli.
Nikamleta yeye, kwenye karatasi.
Usiku nikakaa naye na mizani ya kuazima,
nikapima kila kitu, mpaka ganda la hiliki.
"Unanipekua kama forodha," akasema.

Zikatoka hesabu mbili.
Ya kwanza: kila kipande anapoteza baisa thelathini.
Miaka kumi na moja amekuwa akiwalipa watu
wale mkate wake.
Ya pili: gramu ishirini na nne za sukari, kipande kimoja,
na yeye hula cha kuonja, kisha cha kuhakikisha,
na kidole chake cha shahada kimejaa vitundu
vya ile sindano ya alfajiri.

Nikamwambia ya kwanza. Akacheka mpaka akakaa chini.
Nikamwambia ya pili. Akanyamaza,
akaifuta blenda ambayo haikuwa chafu.
"Haya, msomi. Nikipunguza sukari, wateja wanahama.
Nikipandisha bei, wanahama.
Chuo chako kinasemaje hapo?"

Hapo chuo changu hakisemi kitu.
Lishe inasema punguza.
Biashara inasema utamu ndio mteja mwenyewe.
Nami nimekaa katikati kama mtoto wa walioachana,
kila mmoja ananiuliza: mwenzangu kasemaje leo?

Tukajaribu. Robo ya sukari tukaitoa,
hiliki tukaizidisha, mkate tukauchoma mpaka ukingo ukawa kahawia.
Mara ya kwanza ulidoda kama sabuni.
Mara ya pili paka wa jirani aliukubali.
Mara ya nne Shangazi alionja, akatazama dari,
hakusema kitu, akaenda kuosha sinia.
Kwake hiyo ni shahada.

Nikakata boksi la nazi, nikaandika kwa wino mnene:
200.
Na chini yake:
18.

Bwana Humaid wa lori la maji akawa wa kwanza.
Akasoma, akavua miwani, akasoma tena.
"Kumi na nane ndiyo bei mpya?"
akauliza kwa Kiswahili chake cha Bujumbura,
mkono umeshafika mfukoni kwa furaha.
"Ni bei," Shangazi akasema,
"lakini hiyo hulipi kwangu."

Akachukua vitatu, kama siku zote.
Akafika mlangoni. Akasimama.
Lori linanguruma nje, maji yanadondoka vumbini.
Akarudi, akaomba kisu.

Nusu aliyoiacha sikujua niiandike wapi,
kwa Qais ni hasara, kwa Badriya ni ushindi.
Nikaila mimi, na chai ya rangi,
na kwenye daftari sikuandika kitu.