Ufunguo Upo kwa Eufrasia

Karatasi ile mlangoni imesomwa na jua kuliko watu,
lakini namba bado inaonekana. Ni yangu.
Ukipiga, usikate upesi:
toka jikoni hadi kwenye simu ni safari nyingine,
na goti langu la kushoto halipokei amri.

Haya, mmefika. Karibuni Valdecierva.
Majira ya baridi tunabaki tisa,
wa kumi ni Saturnino, asiyesema na mtu
tangu tupige kura kuhusu kisima.
Najua mlipotea. Wote hupotea pale njia panda,
wawindaji walikipiga risasi kile kibao
na jina letu limebaki na tundu katikati,
upepo unapita humo ukipiga mluzi.

Ufunguo ndio huu. Mpe mtoto aushike.
Mzito, eh? Kama kuku wa supu.
Mama aliutunza miaka arobaini, mimi thelathini na sita.
Vuta mlango kwanza, kisha zungusha.
Si hivyo. Vuta.
Mlango huu ni kama marehemu Fulgencio wangu:
ukimsukuma hukaza, ukimvuta kwako hulegea.

Ngojeni macho yazoee giza.
Harufu hiyo ni nta, na panya kidogo.

Ukuta wa kaskazini: Siku ya Kiyama.
Waliookoka wako kulia, weupe kama viazi vilivyomenywa.
Walioangamia, kushoto, wana sura za watu ninaowajua.
Na yule katikati, mwenye kikapu cha roho mkononi,
ameinama kama avunaye zafarani alfajiri,
yule ndiye Ibilisi.
Macho hana. Mashimo mawili tu, chokaa tupu.

Kijitabu cha mkoa kinasema ni wanajeshi, wakati wa vita.
Alikuja na mtaalamu, ana taa na brashi,
akapima, akanusa, akaandika: singe.
Nikampa kahawa. Nikanyamaza.

Ulikuwa msumari wa paa.
Alikuwa kaka yangu Baudilio, miaka tisa,
amesimama mabegani mwangu, ananuka kondoo,
kwa kuwa kila Jumapili, katika watu wote,
Ibilisi alikuwa akimtazama yeye.
"Nishike miguu, Frasia. Usicheke."
Nilicheka.
Ndiyo maana jicho la kulia limechanika hadi shavuni.

Baadaye alikwenda Barselona, kiwanda cha pikipiki.
Zikaja kadi za Krismasi, kisha simu,
kisha sauti ya binti yake, akitafuta maneno
katika lugha yetu kama atafutaye chenji mfukoni.
Walimzika huko huko, ghorofa ya nne ya ukuta,
yeye aliyekuwa akiogopa hata kupanda mlozi.

Huku mkoani mtaoneshwa mengi.
Kuna daraja, kuna mnara uliopinda,
kuna nyayo za mijusi wakubwa zilizogeuka jiwe,
na mwezi wa kumi na moja korongo hushuka ziwani
kwa kelele kama harusi ya watu wasiosikizana.
Nendeni mkaone, mafuta ya gari mnayo.
Mimi nyayo ninazozijua ni hizi mbili, pale juu,
ninazipangusa vumbi kwa unyoya wa bata.

Mwezi jana imekuja barua yenye mhuri.
Fedha zimepatikana, mwaka kesho watakuja mafundi
kumrudishia macho, kama alivyokuwa mwanzo.
Watu wa adabu, wameomba niwafungulie.

Waje tu. Ufunguo ni mmoja,
na masikio yangu, mnavyoona, yameanza uzito;
huenda wakapiga, wakapiga,
nami niko nyuma, nabanja lozi.

Picha piga, ila zima huo mwanga.
Na ngazi ya pili, mama, imelegea. Shika ukuta.