Shavu la Kulia

Neno ni moja, niliandika ubaoni, maana ni tatu:
mkono wa kulia,
sahani ya kulia,
msiba wa kulia.
Darasa la sita wakanakili. Sikujua
nilikuwa ninawasomea shavu langu.

Lilianza mwaka mmoja baada ya kisu.
Uvimbe chini ya sikio, mdogo kama kokwa ya zambarau,
waliutoa Kakamega, wakanishona vizuri,
nikasahau. Kisha siku ya mahari ya mdogo wangu Kasoha,
mbele ya wakwe walionyooka kwenye viti vya kuazima,
nilitia mdomoni tonge la wimbi na mrenda
maji yakanishuka,
upande mmoja tu, kama paa linalovujia chumba kimoja.

"Mideva analia," akasema mmoja.
"Kwa jicho moja?" akauliza mwingine.
Shangazi wa Chavakali hakunong'ona:
"Hayo si machozi. Huo ni uroho."

Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo tuambiwavyo.
Mimi nilikuwa kivulini. Nilikuwa ninakula.
Jua lilikuwa ndani ya shavu.

Basi nikaanza kubisha milango.
Mbale walinipima malaria.
Luanda, daktari wa meno aligonga gego kwa chuma, akasema ni zima.
Kisumu, yule wa ngozi, macho hayakutoka kwenye simu:
"Joto la ziwa, mama. Kunywa maji."
Maji! Kitu pekee nilichokuwa nacho cha ziada.
Mchungaji aliomba hadi akatokwa na jasho kuliko mimi,
pande zote mbili.

Nikajifunza kula kama mwizi,
nyuma ya rundo la madaftari, uso ukiutazama ukuta.
Ndimu, embe bichi, ukwaju,
nikaviaga kama jamaa waliohamia mbali.
Nyumbani, Kegode alihamisha kiti chake
akaketi upande wangu mkavu.
Hakusema kwa nini. Sijui hadi leo
kama ilikuwa huruma au haya.

Muuguzi ndiye aliyeniambia, akinipa risiti:
"Kuna daktari hutoka Eldoret, Alhamisi ya pili,
orofa ya tatu, mlango usio na kibao."
Alhamisi ya pili hakuja.
Mwezi uliofuata, mvua.
Mara ya tatu nilimkuta, Daktari Jepkemoi,
mfupi, viatu vya mpira.
Hakuuliza ninaumwa nini. Aliuliza, "Ukila nini?"

Akanipaka iodini shavuni, akaingoja ikauke,
akanyunyiza wanga juu yake kama anayeandaa kibao cha chapati,
akavuta droo, akatoa kipande cha ndimu kwenye kisosi.
"Tafuna."
Akanipa kioo.

Miaka kumi na tisa nimewaonyesha watoto:
iodini, wanga, kiazi kilichokatwa.
Rangi gani? Buluu-nyeusi, mwalimu!
Sasa kiazi ni mimi.
Rangi ilichipuka mbele ya sikio, ikateremka tayani,
ikachora kisiwa ambacho hakipo ziwani.

"Neva ilikatwa," alisema, "ikaota upya gizani,
ikakosea nyumba. Ilitumwa kwa mate,
ikabisha kwa jasho. Kila ukila
inapeleka salamu zilezile, kwa jirani."
Ugonjwa una jina, jina la mtu, aliniandikia.
Una sindano pia. Si hapa. Hudumu miezi, kisha tena.
Bei yake niliifunga kwenye leso
pamoja na ndimu iliyobaki.

Sikunawa. Nilishuka orofa zote tatu na kisiwa changu.
Bawabu akainuka kitini:
"Mama, nani amekupiga?"
"Ndimu," nikamjibu.

Jioni nimepakua sahani mbili.
Kiti cha Kegode nimekirudisha
upande wa kulia.
Bado hajaingia, mrenda unapoa,
nami namngoja, shavu kavu,
njaa inaniuma.