Kibakuli cha Chumvi

Clerkenwell, Januari. Dirisha limeziba kwa masizi.
Hepzibah Tranter na jiwe lake la akiki,
povu la sabuni hadi viwikoni,
anaisugua dhahabu mpaka ikubali kung'aa.

Asiyejua hudhani ni dhahabu tupu.
Ajuaye atakwambia: ni fedha,
dhahabu ni utando tu, kama wa maziwa yaliyopoa.
Atakigeuza akuonyeshe mihuri:
simba anayetembea, mguu mmoja juu,
kichwa cha mfalme, maana kodi imelipwa,
na herufi mbili za tajiri
ambaye nyundo hajaishika tangu aote kitambi.

Kitu cha tatu hakina muhuri.
Dhahabu ilichanganywa na zebaki, ikawa uji mzito;
Ambrose akaupaka, akainamia makaa.
Zebaki ikapaa, dhahabu ikabaki.
Ndivyo tajiri anavyowaeleza wageni, kwa ufupi.
Hasemi ilipaa ikaenda wapi.

Ilikwenda kwenye fizi za Ambrose.
Ilikwenda vidoleni, hata kijiko chake
kikawa kinafika mdomoni kitupu.

Ukingoni pana mzabibu. Duthoit aliuchonga
jani kwa jani, akihesabu mishipa,
na chini ya jani la tisa, kule kusikofikiwa na jicho la mlaji,
akaficha konokono, mdogo kama punje ya dengu.
Hakuagizwa. Hakulipwa.
Hepzibah humsugua wa mwisho, kwa ncha ya jiwe,
kama anayemfuta mtoto kamasi.

Ndani nako hupakwa,
kwa sababu chumvi hula fedha.
"Dhahabu hukinga," tajiri husema.
Siku moja nusura amuulize: humkinga nani?
Akainama, akaendelea. Kodi ya chumba ni Jumamosi.

Vitakwenda kumi na viwili, katika sanduku la mahameli ya kijani,
kwenye nyumba yenye madirisha asiyoweza kuyahesabu.
Mtu atachota chumvi kidogo,
atalalamika kuwa samaki amepooza.
Hatakigeuza.

Saa kumi na mbili kengele inalia.
Hepzibah ananawa, anajifunga shali,
anakanyaga theluji chafu, mkate kwapani.
Nyumbani kuna supu ya njegere na mtu wa kulishwa.
Chumvi anaitia mwenyewe,
kwa vidole, kwa kukadiria,
kisha anamshika kidevu.