Kura ya Kifundo

Milimita arobaini na moja.
Nimepima mara tatu kwenye picha, rula haibadili neno:
muundi wa kushoto unaanza vizuri, unakatika,
kisha weusi mtupu, kisha unaendelea
kama mtu aliyesahau alichokuwa akisema.

Jina lake Luvsandorj, mchungaji, Gobi ya Kati.
Sisi tunamwandika Kumi na Saba.
Pikipiki ilimwangukia akimfukuzia ngamia mtoro;
usaha ukala kilichobaki, wapasuaji wakakwangua
hadi damu ikatoka safi. Sasa mguu umevaa pete za chuma
na nje ya dirisha Ulaanbaatar inakohoa moshi wa makaa,
nyuzi thelathini chini ya sifuri.

Daktari Nomintuya anamsomea fomu ya ridhaa
taratibu, kama amiminaye maziwa ya moto kwenye kikombe chembamba:
ama tutachota mfupa wa nyonga yako mwenyewe tuzibe pengo,
ama tutaweka kauri hii (anampa aishike)
nyeupe, ina vitundu kama mkate ulioumuka,
chumvi ya chokaa iliyookwa;
mfupa wako utaingia humo chumba kwa chumba,
utaila nyumba huku ukiijenga.
Hatujui ipi bora. Ndiyo maana tunauliza.

Anaigeuza kauri kiganjani, anaipima uzito.
"Nani alitangulia kuwekewa?"
"Kondoo. Kumi na wanane."
Anacheka hadi pete za chuma zinalia.
Kisha anauliza swali ambalo fomu, na kurasa zake tisa, haina:
"Nao wako wapi?"

Daktari hakutafuta pa kujificha.
"Tuliwachinja. Ilibidi mifupa ikatwe vipande
vyembamba kuliko unywele, tuvitazame kwa darubini."
Kimya. Bomba la joto ukutani linagonga, linanyamaza.
"Nimekula kondoo maisha yangu yote," akasema.
"Sikudhani wana muundi wa kunikopesha.
Basi nipeni ya kondoo."

Huchagui, nikamweleza. Kompyuta imeshapiga kura,
jibu limo kwenye bahasha.
Hilo halikumshangaza hata kidogo.
Akatoa mfukoni kifundo kimoja, cha kondoo,
kimelainishwa na vidole vya watu wanne waliokwisha kufa.
"Kwetu mfupa ndio hupiga kura."
Akakirusha juu ya shuka. Pande nne, majina manne:
farasi, ngamia, mbuzi, kondoo.
Akainama. "Kondoo," akanisomea.

Nikafungua bahasha.

Nyonga.

Sijawahi kuona mtu akiaga kitu asichopewa.
Akairudisha kauri kwenye trei kwa mikono miwili.

Daftari linasema hivi:
wiki ya sita, ukungu. Wiki ya kumi na mbili, uzi.
Wiki ya ishirini na nne, daraja jembamba upande wa ndani.
Maumivu ya nyonga: saba, sita, sita, nne.
Kumi na Moja, mwenye kauri, hakuunga; alirudi mezani kwa wapasuaji.
Ishirini na Mbili, mwenye kauri, alicheza dansi harusini kwa dada yake.
Jedwali halina safu ya dansi. Nimeiandika pembeni, kwa penseli.

Siku ya kufunguliwa pete aliniuliza:
"Kwa hiyo mimi sikuwafaa kitu?"
Nikamwambia, wewe ndiwe kipimo. Bila nyonga yako
kauri ni vigae tu, na maneno yetu.
Akafikiri kitambo. "Jiwe la mzani," akasema.
"Mizigo yote sokoni huuzwa. Lenyewe haliuzwi."
Sikujua kama alifurahi.

Akaondoka na fimbo, akichechemea kidogo:
milimita sita, nimezipima.
Mezani pangu alikiacha kile kifundo.
Sijakirusha. Kila asubuhi nikifungua daftari
nakikuta kimelala upande aliokilaza,
nami, mtoto wa mjini, sijui bado
kama huo ni wa mbuzi au wa kondoo.