Kibarua wa Upanga

Studio yetu ni kabati la nguo, Leicester,
nyumba ya tatu kutoka kona ya Evington Road.
Makoti ya baridi tumeyaacha yaning'inie, yameze mwangwi.
Kinasa sauti tumekivisha soksi ya Nurein,
safi, anaapa.

Kwenye kompyuta Edo inanyeshewa.
Mtu wa panga mbili anavuka daraja,
nywele kazifunga kishungi utosini,
masikioni kabandika spika mbili kubwa kama vifuu.
Kila akichomoa upanga, santuri inakwaruzwa,
chwiki, chwiki,
na kofia za majani zinadondoka
kabla vichwa havijapata habari.

Hakuna aliyetutuma.
Mama alisema tu kwamba angependa, siku moja,
kujua tunachekea nini.

Chini ya daraja maadui kumi wanapiga ngoma,
wanamtaka afoke kwanza, wapigane baadaye.
Tukatafsiri neno kwa neno.
Ikatoka kama maelezo ya dawa ya kikohozi.
Nurein akazima taa, maana hufikiri vyema gizani,
akahesabu vidole: nane, kituo, nane.

*Sikuzaliwa kambini, sikunyoa kwa amri,*
*Upanga u mkononi, ulimi nao tayari,*
*Mdundo u kifuani, haungoji desturi,*
*Njooni kumi njiani, nitawajibu: Kwaheri.*

Mdomo wa katuni ukafunga
mizani tatu kabla ya kwaheri.
Tukaacha hivyo hivyo.
Mwenye panga mbili ana ruhusa
ya kusema na mdomo umefungwa.

Ndipo ukuta ukagongwa kwa mwiko.
"Nyinyi toto! Saa sita hii, nani nakufa huko?"
Kantaben, jirani, na Kiswahili cha Jinja
alichokifungasha mwaka wa sabini na mbili
pamoja na sufuria mbili na cheti cha ndoa.
Kesho yake alikuwa kabatini nasi,
miwani puani, mama mzazi wa shoguni,
akihukumu watu kwa sauti ileile
anayoulizia bei ya bamia:
"Kata yeye. Yule pia, kata."
Hatukumsahihisha. Nani amsahihishe mama wa shoguni?

Likabaki neno moja.
Samurai aliyefiwa na bwana, au aliyefukuzwa,
anayezunguka na makali yasiyo na wa kumlinda,
tumwiteje?
Nurein akataka *huru*.
Mimi nikataka *yatima*.
Kantaben akasema *mkimbizi*,
akanyamaza,
akasema hapana, futa hiyo.

Baba alikuwa mlangoni muda wote,
kizibao cha kung'aa bado mwilini, viatu mkononi.
Wakala wa ghala alikuwa amemwandikia kwenye simu:
kesho usije, tutakwambia.
Wiki ya tatu hiyo.
"Huyo," akasema, "ni kibarua."

Tukacheka. Kisha tukaandika.

Akaingia, akainama kati ya makoti,
koti la Mama likamlalia begani.
Pichani walinzi wa lango wamemzuia mtu wa panga mbili,
mvua inamchuruzika kwenye nyaya za masikioni,
wanamuuliza: bwana wako ni nani?
Jibu tulikuwa nalo kwenye karatasi, sentensi nzuri,
tulibishania koma yake tangu Alhamisi.
Baba hakuisoma.
Aliuacha mdundo ukazunguka mara moja,
ukazunguka tena,
Nurein akaanza kunikodolea macho,
halafu:

"Leo, hakuna."

Hatukurudia.
Nurein alisahau hata kuzima mashine,
kwa hiyo ukisikiliza vizuri kipande cha saba,
baada ya lango kufunguka,
kuna birika linaloimba,
kuna Kantaben anayepenga kamasi,
na gari la wagonjwa
linakatiza Edo, king'ora juu,
kuelekea hospitali.
Mama aliuliza hilo nalo limetoka wapi.
Tukamwambia ni la kwao.